Karabai: shajara ya gemu ya dagaa, kutoka Buzuruga

Jumapili, 9 Februari 2025: kuanza

Nina steshonari ndogo hapa Buzuruga, Mwanza. Natoa fotokopi, nachapa barua za maombi ya kazi, napiga picha za pasipoti. Kuanzia saa nane mchana wateja wanapungua na kompyuta inakaa bure. Mtoto wa kaka yangu, yuko darasa la sita, akitoka shule anapitia hapa kucheza Roblox, jukwaa la gemu za mtandaoni, kwenye simu yangu mpaka bando liishe. Wiki iliyopita akaniuliza, "Shangazi, hizi gemu nani anazitengeneza?" Nikamjibu haraka haraka kwamba ni kampuni. Baadaye nikaenda kusoma na kukuta nimemdanganya mtoto. Tangu Roblox ianze mwaka 2006, gemu zilizomo zinatengenezwa na watumiaji wenyewe, kwa programu ya bure inayoitwa Roblox Studio. Studio haifanyi kazi kwenye simu, inataka Windows au Mac. Windows ninayo.

Basi nimeamua kutengeneza gemu ya kuvua dagaa usiku kwa karabai, zile taa za kuwavutia. Sijawahi kuandika hata mstari mmoja wa programu maishani. Kila hatua ikiisha nitaiandika hapa, hasa pale nilipoharibu, ili atakayefuata ajue mashimo yako wapi.

Kufungua akaunti na kusakinisha sina la kueleza, unamaliza kabla chai haijapoa. Kilichonigharimu ni kompyuta yenyewe. Ilikuwa na RAM, kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya GB 4: Studio inafunguka, inaganda, nasubiri, inaganda tena. Nimeongeza ikafika GB 8 kwa TSh 45,000, fundi kachukua 5,000. Kipanya kipya 12,000, maana bila kitufe cha kulia na gurudumu la katikati huwezi kuzunguka ndani ya Studio.

Lugha inayotumika ni Luau, iliyotokana na Lua, lugha iliyobuniwa mwaka 1993 kwenye chuo kikuu kimoja cha Rio de Janeiro, Brazil. Lua kwa Kireno ni mwezi. Nilipomsimulia baba mdogo, ambaye anavua dagaa tangu sijazaliwa, alicheka kweli kweli. "Mwezi na dagaa havipandi chombo kimoja, mwanangu."

Jumapili, 23 Februari: nanga

Ziwa nimelichimba na kulijaza maji kwa zana ya ardhi, nusu siku. Kipimo cha humu ndani kinaitwa stadi, na stadi moja ni kama sentimita 28, kwa hiyo mtumbwi wa mita 9 nimeupa stadi 32. Nikaujenga kwa vipande vya mbao, ubao kwa ubao. Pembeni nikapanga mawe matatu ya matale, moja juu ya jingine, yawe Jiwe la Bismarck, lile maarufu la ziwani hapa Mwanza. Ukiliangalia kwa mbali na kwa huruma, linafanana.

Kisha mtumbwi ukagoma kwenda. Siku tatu nilikuwa nabadilisha skripti ya injini, yaani maandishi ya amri zake. Nikaongeza nguvu mara kumi, mara mia, mtumbwi kimya. Siku ya nne nikafungua orodha ya sifa za ule ubao wa chini na kukuta kisanduku kimewekwa tiki: `Anchored`. Yaani umetiwa nanga. Mtu wa Mwanza mzima nimepiga makasia siku tatu na nanga iko chini.

Kosa la pili nililifanya dakika hiyo hiyo kwa furaha. Nilichagua vitu vyote kwa mkupuo, nikaondoa tiki, nikabonyeza kitufe cha kucheza. Mtumbwi ulifumuka, mbao zikaelea kila moja na njia yake. Nyuma yake Jiwe la Bismarck likaporomoka, jiwe la juu likatangulia, likazama lote. Dogo, yule mtoto wa kaka yangu, alicheka mpaka mteja aliyekuja kutoa kopi ya cheti akazunguka meza kutazama.

Maelezo yake ni haya. Kitu chenye `Anchored` kinabaki kilipo hata kikiwa hewani, mvutano wa dunia haukigusi. Ukiondoa nanga, fizikia inachukua hatamu. Kwa ujazo ulio sawa, maji yana uzito wa 1, mbao za Studio 0.35, matale 2.69. Mbao zinaelea, matale yanakwenda chini. Na vipande vilivyosogezwa karibu karibu havijaungana, hata kama macho yanakwambia vimeungana.

Nilivyotengeneza: mawe, nyumba na gati vyote vina nanga. Mtumbwi hauna nanga, ila kila ubao umefungwa kwenye mkuku kwa `WeldConstraint`. Nilizihesabu, ni 14. Ukisahau mmoja, huo mmoja utauona unaelea nyuma yako.

Jumamosi, 15 Machi: unapinduka

Mtumbwi unakwenda sasa. Ila mchezaji akisogea ukingoni, unalala ubavu na kummwaga.

Jaribio la kwanza: kuupanua. Ukawa kama meza ya harusi. Nikafuta.

Jaribio la pili nililitoa mwaloni Kirumba, mitumbwi inakoshushia samaki, ambako hata mtoto anajua mzigo mzito unakaa chini. Ubao wa chini nikaupa uzito wa 0.9, mbao za juu nikaziacha na 0.35 yao. Ulitulia kwa kiasi kikubwa, lakini wachezaji wawili wakisimama upande mmoja bado wanaogelea.

La tatu lilikuwa `AlignOrientation`, kifaa kinachokilazimisha kitu kikae wima. Mtumbwi ukanyooka kama rula, ila ukakataa kukata kona. Nageuza usukani, unakwenda mbele tu mpaka unaparamia kisiwa cha Saanane. Ilinichukua jioni mbili kuelewa kwamba kwa kawaida kifaa hicho kinashika pande zote, yaani hata kugeuka kushoto na kulia kinakuzuia. Unatakiwa kubadilisha `AlignType` iwe `PrimaryAxisParallel`, halafu ile pini inayoitwa `Attachment` uizungushe nyuzi 90 ili mhimili wake mkuu uelekee juu. Hapo kinazuia kupinduka na kuruhusu kugeuka. Usipoizungusha pini, mtumbwi utasimama wima kwa mkia. Nina picha.

Jumatano, 26 Machi: cha bure

Fupi. Kwenye hazina ya vitu vya bure ya Studio nilichukua injini ya boti iliyotengenezwa vizuri kuliko ningeweza mimi. Kesho yake gemu ikaanza kuleta tangazo la kitu nisichokijua katikati ya kioo. Ndani ya injini, chini ya boliti, kulikuwa na skripti yenye mistari mitupu mingi na mwishoni kabisa `require` na namba ndefu. Maana yake inaita programu ya mtu mwingine ije ifanye kazi ndani ya gemu yangu.

Sasa nikichukua kitu cha bure nabonyeza Ctrl+Shift+F, natafuta `require` na `getfenv` katika skripti zote, na skripti nisiyoielewa naifuta kabla ya kucheza hata mara moja. Injini nimeijenga mwenyewe. Inafanana na ndoo.

Jumamosi, 12 Aprili: ukaguzi wa baba mdogo

Mbalamwezi imekomaa, vyombo vimepumzika, kwa hiyo baba mdogo yuko nchi kavu. Asubuhi akaingia na "Mwangaluka" yake, salamu ya Kisukuma, akakaa kwenye benchi la wateja, nikamgeuzia kioo nikijisikia fundi. Usiku wa manane ndani ya gemu, ziwa jeusi, taa tatu zinawaka, na angani mwezi mkubwa mweupe.

"Huu mwezi wa nini?"

"Ni usiku, Baba mdogo."

"Usiku naujua. Nauliza mwezi."

Nikakumbuka alichosema Februari. Mbalamwezi ikiangaza ziwa zima, taa yako haina cha kuwavutia dagaa, wanatawanyika. Ndiyo maana yeye mwenyewe alikuwa amekaa pale dukani. Nilikuwa nimetengeneza gemu ya kuvua dagaa siku ambayo hakuna anayevua.

Nikaingia kwenye kitu kinachoitwa `Sky`, nikaondoa tiki ya `CelestialBodiesShown`. Mwezi ukapotea, anga ikawa kama masizi ya chungu. Nilidhani nimemaliza.

"Na nyota umezifuta? Nahodha anarudi vipi mwaloni?"

Tiki hiyo inazima jua, mwezi na nyota kwa pamoja. Nikairudisha, na chini yake nikaona `MoonAngularSize`, imeandikwa 11. Nikaandika 0. Mwezi umekwenda, nyota zote zimebaki. Baba mdogo akasogeza benchi karibu.

Hapo ndipo kazi ikaanza. Karabai nilikuwa nimezitundika mtumbwini. Akasema taa yangu inaachwa inaelea juu ya boya lake, chombo kinakaa pembeni. Nikazihamisha. Kisha akaona dagaa wanatokea sekunde 3 baada ya taa kuwaka. "Dagaa hawaitwi kama kuku." Wanakusanyika kidogo kidogo, na ukiivuta taa kwa pupa wanakukimbia.

Nimeandika upya sehemu yote ya samaki. Kila taa sasa ina hesabu yake ya dagaa inayopanda pole pole hadi 120, na mwendo wa boya ukizidi kiwango hesabu inashuka nusu. Baba mdogo alitaka kusubiri kuchukue saa nzima, iwe kweli. Dogo alitaka sekunde 5. Tumekubaliana sekunde 40, na wote wawili wamenuna. Ila zile sekunde 40, ukiwa gizani na namba inapanda huku hujui uvute sasa au usubiri, ndizo zimeifanya iwe gemu. Kabla ya hapo ilikuwa kubonyeza tu.

Jumapili, 4 Mei: ndoo 37, kisha fedha hewa

Wavu ulipogusa dagaa mara moja, kapu likasoma ndoo 37. Tukio la `Touched` haliripoti mguso mmoja. Linaripoti kila kipande cha wavu kinachogusa, tena na tena, wavu ukicheza majini. Dawa yake ni kufuli: mguso wa kwanza unafunga, skripti inahesabu, inasubiri sekunde 2, inafungua. Mistari minne. Nilipoteza Jumapili nzima nikidhani tatizo ni hesabu yangu ya kuzidisha.

La fedha ni kubwa zaidi, na nadhani ndiko wanaoanza wengi wanakwama. Mauzo nilikuwa nimeyaandika kwenye `LocalScript`, ile inayofanya kazi kwenye kifaa cha mchezaji. Dogo anauza ndoo 4 kwa sarafu 50 kila moja, anaona sarafu 200 kwenye kioo chake, anakwenda kununua wavu mpya, dukani anaambiwa hana kitu. Wote wawili wanasema kweli. Simu yake inaona 200, seva, yaani kompyuta ya Roblox inayoendesha gemu, inaona 0. Zamani mabadiliko ya namna hiyo yaliweza kupenya mpaka seva na kwa wachezaji wote, na walaghai wakasherehekea. Mwaka 2018 mlango huo ulifungwa kwa gemu zote.

Nikaweka `RemoteEvent`, ambayo ni kama mtu wa kutumwa kati ya simu na seva, na kumpa ujumbe: "nimeuza, niongezee 200." Ikafanya kazi. Kisha, nikiwa kwenye jaribio, nikafungua sehemu ya kuandika amri upande wa mchezaji, nikatuma ujumbe ule ule lakini nikaandika 900000. Seva ikanipa.

Pale Kirumba hakuna anayekubali mnunuzi aje na ndoo yake ya kupimia. Mimi nilikuwa nimemkabidhi ndoo. Sasa simu inatuma neno moja tu, "nauza", bila namba yoyote. Seva inaangalia yenyewe kapu lina ndoo ngapi, inaangalia kama mchezaji kweli amesimama karibu na gati, inazidisha, inalipa.

Jumatatu, 26 Mei: akiba iliyopotea

Dogo alikuwa amefikisha sarafu 14,200. Jana ameingia, amekuta 0. Amekaa kimya mpaka jioni, na kimya cha yule mtoto si cha kawaida.

Nilianza kwa kulaumu umeme, maana ulikatika mara mbili jana. Haukuhusika. Gemu ikishachapishwa, seva haiko dukani kwangu. Mchezaji akikatikiwa, seva inaona ameondoka, inahifadhi akiba yake. Umeme unaua majaribio ya ndani ya Studio pekee. (Ili majaribio hayo yaweze kuhifadhi, kuna tiki ya kuruhusu Studio ifikie huduma za kuhifadhi, kwenye mipangilio ya usalama ya gemu. Bila hiyo utaona maandishi mekundu tu.)

Mkosaji alikuwa mimi. Nilikuwa nimeizungushia `GetAsync`, amri ya kusoma akiba, kinga ya `pcall` ili ikishindwa gemu isivunjike. Vizuri. Lakini ikishindwa, akiba inarudi tupu, na mstari wangu uliofuata ulisema: akiba ikiwa tupu, huyu ni mgeni, mpe 0. Dogo akacheza kidogo na 0 yake, akatoka, skripti ikahifadhi ile 0 juu ya 14,200. Kushindwa kusoma mara moja kukafuta miezi miwili.

Nimebadilisha hivi:

```
local sawa, akiba = pcall(function()
    return hifadhi:GetAsync(ufunguo)
end)
if not sawa then
    mchezaji:Kick("Akiba yako haijapatikana. Rudi baada ya muda.")
    return
end
mchezaji:SetAttribute("AkibaImefika", true)
```

Mstari wa mwisho sikuwa nao mwanzoni. Nilijaribu kwa kuweka kosa la makusudi, `error("jaribio")`, ndani ya ile kinga. Mchezaji akatolewa kama nilivyotaka. Lakini kutolewa nako ni kuondoka, kwa hiyo tukio la `PlayerRemoving` likawaka na kuhifadhi 0 vile vile. Sasa skripti ya kuhifadhi inauliza kwanza: `AkibaImefika` ipo? Haipo, usiguse kitu.

Sarafu 14,200 nimemrudishia dogo kwa mkono. Ameniambia zilikuwa 15,000. Nimempa 14,200.

Jumamosi, 7 Juni: simu inachemka

Kwenye kompyuta yangu karabai 24 juu ya maji zilikuwa nzuri ajabu, ungedhani unatazama ziwa usiku ukiwa kilimani Capri Point. Kwenye simu, picha zinaruka ruka na mgongo wa simu unachoma. Kila taa ilikuwa `PointLight` yenye vivuli, nimeipa `Range`, umbali wa kumulika, ya 60.

Nimezima `Shadows` zote, `Range` imeshuka hadi 24, na taa iliyo mbali na mchezaji inazimwa na kubaki kipande cha manjano chenye malighafi ya `Neon`, kinachong'aa chenyewe bila kumulika jirani. Kwa macho hakuna tofauti kubwa. Simu imepoa. Laiti ningejaribu kwenye simu tangu Februari, maana hapa kwetu atakayecheza atacheza kwa simu.

Jumapili, 22 Juni: hesabu na daraja

RAM 45,000, fundi 5,000, kipanya 12,000, bando la miezi mitano kwa 20,000 kila mwezi 100,000, soda za mkaguzi 3,500. Jumla TSh 165,500. Mapato 0, Robux, sarafu ya Roblox, 0. Sijahesabu wateja waliosimama dirishani mimi nikiwa natafuta mabano yaliyosahaulika. Wawili najua wamehamia kwa jirani.

Gemu nimeifungulia walio kwenye orodha yangu ya marafiki. Tuko 9.

Tangu Machi dogo alikuwa ananidai pantoni ya Kigongo na Busisi, na nilishachora nusu yake. Alhamisi hii, tarehe 19, Daraja la J. P. Magufuli limefunguliwa hapo hapo, na sasa pantoni haitaki tena, anataka daraja. Nimepiga hesabu. Kilomita 3 ni zaidi ya stadi 10,700. Kipande kimoja hakiruhusiwi kuzidi stadi 2,048 kwa urefu, kwa hiyo ni vipande 6 kwa sakafu peke yake, na mchezaji anayetembea stadi 16 kwa sekunde atalivuka kwa dakika 11. Nimemwambia nitalifupisha. Amesema likifupishwa si lenyewe.

Baba mdogo naye alipita juzi kabla ya kwenda mwaloni, giza limerudi. Alivua mizunguko mitatu kwa kidole kimoja, akauza, akaangalia sarafu zake.

"Nimeuza wabichi?"

"Ndiyo."

"Na wa kuanika?"

Wa kuanika hawapo. Hakuna chanja, hakuna jua la asubuhi, hakuna mvua ya kuwaozesha. Mwezi wote huu ujao ni chanja. Jana nimeanza na mvua: inanyesha, lakini inanyesha mpaka ndani ya nyumba.